Usalama wa usafiri wa majini Tanzania

Usalama wa usafiri wa majini Tanzania unahusu ulinzi wa abiria wa meli, vivuko na mashua katika Bahari ya Hindi na maziwa makubwa: Viktoria, Tanganyika na Nyasa. Wakazi wa visiwa kama Pemba, Mafia, Ukerewe na Ukara hutegemea vyombo hivyo kwa masomo, matibabu na biashara; kwao kuahirisha safari si jambo jepesi.

Ajali kubwa

Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilipinduka na kuzama karibu na Mwanza. Abiria wa daraja la kwanza na la pili walikuwa wameorodheshwa, lakini wa daraja la tatu hawakuandikwa. Kwa hiyo idadi kamili ya waliokufa haijulikani. Baadhi ya makadirio hufikia watu 1,000.

MV Spice Islander I ilizama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 karibu na Nungwi, ikielekea Pemba na watu wengi kupita kiasi kilichoruhusiwa. MV Skagit ilifuata tarehe 18 Julai 2012 karibu na kisiwa cha Chumbe, bahari ikiwa imechafuka. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko MV Nyerere, chenye nafasi ya abiria 101, kilipinduka kikikaribia Ukara. Zaidi ya watu 220 walikufa.

Sababu

Ukiacha dhoruba, kisa hurudi palepale: mzigo. Chombo kilichozidiwa huzama zaidi majini, na shehena au watu wakiwa wengi sehemu ya juu hakirudi wima kwa urahisi kinapoinama. Hatari huongezeka chombo kinapokaribia gati, abiria wote wanaposimama na kusogea upande wa kushukia.

Tahadhari

Ukaguzi wa vyombo ni kazi ya Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC) na, upande wa Zanzibar, Mamlaka ya Usafiri Baharini. Msafiri naye huweza kusikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, hasa wakati wa kusi, na kukataa kupanda chombo kilichojaa hata kama nauli imeshalipwa. Akishapanda, huangalia jaketi okozi zilipo na kuvaa lake mapema, kisha hubaki ameketi mpaka chombo kifungwe kamba. Tiketi ikatwe kwa jina lake halisi, watoto wakiandikwa pia: orodha hiyo ndiyo waokoaji huitumia kujua ni wangapi bado wanatafutwa.