Majani ya Karai: Maji ya Kuoga na Ua wa Shamba la Mgusii

Magokoro, yaani nyanya yangu, alipima joto la maji kwa kiwiko. Vidole vya mchuma chai, alisema, vimeota sugu, havitambui tena moto na vuguvugu. Jioni akirudi kutoka shambani, huko Nyamira ambako mvua ya alasiri ni kama mtu wa nyumbani, alibandika sufuria ya majani ya mkaratusi, akaifunika kwa sahani mpaka mvuke uanze kuitikisa, akayachuja kwenye karai la bati, akatupia konzi ya chumvi. Kisha aliongeza maji baridi kidogo kidogo, kiwiko kikiamua. Alivua gambuti, akapandisha leso hadi magotini, akatia miguu. Sisi wajukuu tulijua kunyamaza. Pumzi ndefu ya kwanza ikishatoka, hapo ndipo ruhusa ya kuomba hadithi ilipopatikana.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba karai lile ni desturi ya kale kama mwamba wa Manga. Kumbe mkaratusi wenyewe ni mgeni. Asili yake ni Australia, na uliletwa Kenya mwaka 1902 ili uwe kuni za kuendeshea treni za Reli ya Uganda. Jani ambalo harufu yake ndiyo harufu ya utoto wangu liliingia milimani kwetu baada ya reli. Basi kabla ya hapo, ni nini kilichowekwa kwenye maji? Swali hilo ndilo lililonifanya nianze kuutazama ua wa shamba kama mtu anavyotazama kitabu cha kumbukumbu, maana kila kizazi cha Gusii kimeogea kile kilichomea mpakani mwake.

Zamani hapakuwa na karai wala bafu. Watu walioga mtoni: Gucha, Sondu, au kijito chochote kilichotoka kwenye ensoko, yaani chemchemi, chini ya kilima. Hata alfajiri ya kutahiriwa, wavulana walipelekwa kwanza kuoga maji ya mto yakiwa baridi kama barafu. Lakini mtu hakujiogea tu popote na mbele ya yeyote. Abagusii wana kanuni za chinsoni, heshima na soni kati ya wazazi na watoto, ambazo mwanaanthropolojia Philip Mayer alizichunguza Kisii mwishoni mwa miaka ya 1940. Baba na mwanawe aliyekwisha kutahiriwa hawaonani uchi, na hawaogi pamoja. Kila rika lilijua mahali pake na saa yake mtoni.

Chinsoni, hata hivyo, haina makali kati ya babu na mjukuu. Hapo utani ni halali, mwili hauna aibu, maneno yasiyosemeka mbele ya baba husemwa kwa kicheko. Naona hapa ndipo ufunguo wa jambo lote ulipo. Ujuzi wa majani ya kuogea ulipita kwa nyanya kwa sababu yeye ndiye mkubwa aliyeweza kumvua mtoto nguo, kumsugua mgongo na kumwambia jina la kila jani bila mtu kuinamisha uso. Mama alinyonyesha na kulima. Magokoro alioga na kuogesha.

Ngozi ya mtoto mchanga ilikuwa na ulinzi wake wa pekee. Iliaminika kwamba baadhi ya watu wana jicho zito, na kwamba wakimtazama mtoto, vijichembe hunata na kuingia ndani ya ngozi yake. Hali hiyo huitwa ebibiriria. Robert LeVine, Mmarekani aliyefanya utafiti Gusii kati ya mwaka 1955 na 1957, aliiandika, na hata leo hukosi kuisikia. Dawa yake ilikuwa kumpaka mtoto samli na kumsugua taratibu mpaka vichembe vitoke. Uamuzi juu ya jicho lenyewe namwachia msomaji. Ninachokiona ni mikono ya mtu mzima ikipita juu ya mwili mdogo, bila haraka, kwa mafuta yenye joto, na mtoto akilala usingizi wa kushiba.

Majani yenyewe sasa. Palikuwa na omonyamete, mganga wa mitishamba, kwa maradhi makubwa. Kwa uchovu, upele na mafua, watu walijisaidia wenyewe na ua wao. Omosocho ni mti wa majani mapana yanayogeuka rangi ya chungwa kabla ya kudondoka, kiasi kwamba ukiwa mbali unadhani umechanua. Utomvu wake hupakwa kwenye jeraha bichi katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki. Omobeno una maua ya manjano yaliyosimama wima kama mishumaa, na machipukizi meusi kileleni. Ukifikicha jani, mkono unanuka karanga zilizokaangwa. Jirani zetu Wakipsigis huchoma vijiti vyake na kusugua mkaa ndani ya kibuyu cha mursik, maziwa yao ya mgando. Kwetu ni jani la ngozi yenye mba na choa, la kuogea na kupaka. La kunywa si mchezo, kwani lina sumu ya kuendesha tumbo vibaya.

Namna za kutumia zilikuwa mbili. Ya kwanza ni kuyaponda majani mabichi, kuyaloweka katika maji na kuyafikicha mpaka maji yabadilike rangi. Ya pili ni kuyachemsha katika enyongo, chungu cha udongo, kisha mgonjwa akainama juu yake akiwa amefunikwa gubigubi. Msomaji wa Kiswahili anayesema kupiga nyungu amekwisha kusikia undugu wa maneno hayo mawili. Enyongo na nyungu ni chungu kimoja kilichopita njia mbili.

Baada ya kuoga yalifuata amaguta, mafuta ya ng'ombe. Hapo ndipo historia kubwa ilipoingia katika ngozi za watu. Katika misafara ya kijeshi ya mwaka 1905 na 1908, huu wa pili ukifuata tukio la Mgusii Otenyo kumchoma mkuki ofisa Mwingereza Northcote, Waingereza walichoma nyumba na kuswaga maelfu ya ng'ombe. Vitabu huhesabu ng'ombe hao kama adhabu. Mimi huwaza pia juu ya samli iliyokosekana msimu ule, na watoto waliopakwa maji matupu. Kisha wamisionari Wakatoliki wa Mill Hill wakafungua misheni ya Nyabururu mwaka 1911, Waadventista wakajenga Nyanchwa muda mfupi baadaye, na usafi ukapata mwalimu mpya: sabuni ya kipande, shati jeupe, na Sabato. Mafuta ya ng'ombe na ngozi iliyong'aa kwayo vikaanza kuitwa ushenzi. Majani hayakukatazwa waziwazi, ila yaliwekwa karibu mno na uganga katika mawazo ya watu, hivi kwamba Mkristo mzuri aliyachuma jioni.

Ardhi ndiyo iliyobadilika zaidi. Katika miaka ya 1930 Kisii ilikuwa miongoni mwa sehemu za kwanza ambako Waafrika wa Kenya waliruhusiwa kulima kahawa. Pareto na chai zilifuata, na baada ya uhuru KTDA, mamlaka ya chai iliyoundwa mwaka 1964, ikaunganisha wakulima wadogo na viwanda. Mashamba yakagawanywa kwa wana, na wana kwa wana. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,266,860 Kisii na 605,576 Nyamira. Katika shamba la robo ekari ua hauwezi kuwa msitu mdogo wa kila aina. Hupandwa kitu kimoja kinachouzika, nacho mara nyingi ni mkaratusi: nguzo, mbao, na kuni za majiko makubwa ya viwanda vya chai. Omosocho uliondoka kimyakimya. Kwa hiyo Magokoro alipoweka mkaratusi katika karai hakuwa amesahau mila. Alitumia jani lililokuwa limebaki mkononi mwake. Mila yenyewe, ya kuchemsha, kupima kwa kiwiko na kunyamaza, aliihamishia kwenye mti wa kigeni, nayo ikashika.

Pwani ilikwenda njia nyingine. Kidichi, nje ya mji wa Unguja, Sultani Said alijenga bafu mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe Mwajemi, na Sultani Barghash baadaye akajenga bafu la Hamamni mjini. Bibi harusi wa Mombasa au Lamu husingwa kwa liwa, asumini na mawaridi, na somo wake akisimamia. Huko maji yenye manukato yana jumba, sherehe na wimbo. Gusii haikujenga bafu la mawe, ingawa mawe ya sabuni ya Tabaka yamejaa na jina lao linachekesha katika habari hii. Starehe ya kwetu ilifichwa ndani ya tiba na uchovu. Hakuna aliyesema anaenda kujipumzisha. Alisema miguu inauma, na kila mtu akaelewa anachoomba.

Mwaka 2020 mvuke ulirudi mbio. Corona ilipoingia, kuanzia Keroka hadi Ogembo watu walijifunika blanketi juu ya sufuria za mkaratusi, ndimu na tangawizi. Mvuke haukuua kirusi, na waliouchukua kama kinga walidanganyika; wengine waliungua uso. Lakini mafua yaliyoziba pua hulegea kwa mvuke, na hilo nyanya zetu walilijua bila kulipamba. Mafuta ya mkaratusi yasikaribie kabisa uso wa mtoto mchanga, na mwenye presha au moyo dhaifu asikae katika maji ya moto hadi kichwa kizunguke.

Siku hizi katika soko la Daraja Mbili, mjini Kisii, utakuta unga wa mwarobaini uliotoka nchi za joto kando ya mchaichai wa kienyeji. Rozimari iliyopandwa kama ua la mapambo imeanza kuingia beseni. Mimi hutumia konzi ya mchaichai na vijiti viwili vya rozimari, nikivichemsha dakika kumi, nikifunika ili harufu isitoroke, na chumvi mwishoni. Ni karai la kizazi changu. Sioni haya juu yake.

Profesa John Kokwaro alipochapisha kitabu chake cha mimea ya tiba ya Afrika Mashariki mwaka 1976, aliandika majina ya mimea kwa lugha za makabila mengi. Mwaka 2016 Kenya ilitunga sheria ya kulinda maarifa ya jadi, na serikali za kaunti zikapewa kazi ya kuyasajili. Ningependa kuona daftari la Kisii na la Nyamira likiwa na zaidi ya jina la mti na ugonjwa wake. Liandike nani alimwogesha nani, maji yalikuwa ya joto gani, na kiwiko cha nani kilipima.

Na miti yenyewe? John Michuki alipokuwa Waziri wa Mazingira aliamuru mikaratusi iliyo kando ya vyanzo vya maji ing'olewe. Kwenye ensoko ya kijiji chetu kazi hiyo ilichelewa sana, watu wakiogopa kupoteza nguzo. Visiki vya mwisho tulivichimba wenyewe, na maji yakaongezeka kiasi cha mtungi kujaa kabla hujamaliza salamu. Pembeni tulipanda omosocho minne. Mmoja umekufa. Mitatu inanifika magotini.