Uzee wa akili kwa mbwa

Uzee wa akili kwa mbwa ni hali ya ubongo kudhoofika kadiri umri unavyosonga, mpaka mbwa akapoteza kumbukumbu, mazoea na utulivu aliokuwa nao. Madaktari wa mifugo huuhesabu kuwa ugonjwa. Unafanana sana na ugonjwa wa Alzheimer wa binadamu, kwani katika ubongo wa mbwa mzee hujikusanya protini ya beta-amiloidi, ileile inayokutwa kwa wagonjwa wa Alzheimer.

Mbwa hawazeeki kwa mwendo mmoja. Wenye miili mikubwa huanza kuchoka wakiwa na miaka 7 au 8, ilhali wadogo wengi hupita miaka 10 wakiwa bado na nguvu. Utafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, uliochapishwa mwaka 2001, ulikuta dalili walau moja kwa asilimia 28 ya mbwa wa miaka 11 hadi 12, na asilimia 68 ya wale wa miaka 15 hadi 16. Mwaka 2010 watafiti wa Australia walikadiria kwamba asilimia 14 hivi ya mbwa waliopita miaka 8 walikuwa na ugonjwa huu, lakini waliokuwa wametambuliwa na daktari hawakufika asilimia 2. Pengo hilo linasikitisha. Mwenye mbwa husema "amezeeka tu", na mnyama ambaye angeweza kusaidiwa huachwa. Afrika Mashariki tatizo hili halijazoeleka kwa sababu mbwa wengi hawafiki uzeeni: utafiti wa Machakos, Kenya, uliochapishwa mwaka 2001, ulikuta kwamba mbwa dume aliyezaliwa huko angetarajiwa kuishi miaka 3.5, na jike miaka 2.4.

Dalili huja polepole, kwa miezi. Mbwa husimama pembeni akiukodolea macho ukuta, au husubiri mlango ufunguliwe upande wa bawaba. Hupotea katika ua aliokulia. Mchana hulala, usiku hukesha akizunguka na kubweka bila sababu inayoonekana. Aliyezoea kutoka nje hujisaidia ndani, naye haonekani kujua kwamba amekosea. Wengine huacha kumlaki bwana wao arudipo. Wengine humganda wasitake kuachwa hata kidogo. Kumpiga mbwa wa namna hii ni ukatili usiomfundisha chochote.

Dalili hizo si za ugonjwa huu peke yake. Maumivu ya viungo, meno yaliyooza, uziwi, mtoto wa jicho, figo mbovu, kisukari na maambukizi ya njia ya mkojo humbadilisha mbwa vivyo hivyo, na mengi kati ya hayo yana tiba. Kwetu kuna tahadhari moja kubwa zaidi: mbwa aliyebadilika ghafla, kwa siku chache, akawa mkali au mnyonge kupita kawaida, akatokwa mate au akashindwa kumeza, adhaniwe kwanza kuwa ana kichaa cha mbwa. Asishikwe, na daktari wa mifugo aitwe mara moja. Aliyeumwa naye aoshe jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha awahi hospitali kupata chanjo. Mbwa mzee naye aendelee kuchanjwa.

Ubongo wa mbwa mzee huendelea kujifunza, na hilo limethibitishwa. Kundi la watafiti akiwamo Norton William Milgram wa Chuo Kikuu cha Toronto liliwafuatilia mbwa wazee wa aina ya beagle kwa miaka miwili, na matokeo yakatolewa mwaka 2005. Baadhi walipewa chakula kilichoongezwa vitamini E na C, mboga na matunda. Wengine walipewa mwenza bandani, vitu vya kuchezea vilivyobadilishwa mara kwa mara, matembezi ya nje mara mbili kwa wiki na mazoezi ya kutofautisha vitu. Waliopata yote mawili ndio waliofanya vizuri zaidi. Na tazama jinsi mambo hayo yalivyo ya kawaida: mwenza, kitu kipya, matembezi, kazi ya kufikiri. Mbwa wa ulinzi anayefungwa mnyororo mchana kutwa, miaka nenda miaka rudi, hunyimwa yote hayo.

Njia nyepesi ya kuitumikisha akili yake ni pua. Macho na masikio yakififia, kunusa kwa kawaida hubaki. Vipande vya nyama kavu vifichwe ndani ya kitambaa kilichokunjwa au nyuma ya chungu cha maua, avitafute mwenyewe. Matembezini asivutwe, aachwe anuse kila kichaka anachotaka, hata kama safari nzima ni ya hatua mia. Aliyeziba masikio hujifunza ishara za mkono. Mazoezi yawe mafupi, nayo yaishe kabla hajachoka. Mjini Vienna, kwenye chuo kikuu cha tiba ya wanyama, mbwa wazee wamefundishwa kuchagua picha kwa kugusa skrini kwa pua.

Mwaka 2022, uchunguzi wa mbwa zaidi ya 15,000 nchini Marekani ulionyesha kwamba wasiofanya mazoezi walikuwa na dalili mara nyingi kuliko wachangamfu. Matokeo hayo yasomwe kwa uangalifu, kwani huenda ugonjwa wenyewe ndio unaowafanya wasijongee.

Nyumbani, ratiba ya kula na kutoka isibadilike, na samani zisihamishwe ovyo. Mkeka au zulia juu ya vigae humzuia kuteleza, na taa ndogo ya usiku humpunguzia wasiwasi. Maji yawe karibu na alipolala.

Dawa ya selejilini iliidhinishwa Marekani mwaka 1998 kwa ajili ya ugonjwa huu. Haiuponyi, ila huweza kupunguza dalili kwa baadhi ya mbwa. Dawa za maumivu za binadamu, kama parasetamoli na ibuprofeni, zinaweza kumuua, hivyo asipewe chochote bila daktari wa mifugo. Mbwa akifikia hatua ya kutowatambua watu wake, kukataa chakula na kukosa usingizi hata kwa dawa, daktari huyo ndiye wa kushauriana naye kuhusu kumlaza kwa sindano bila maumivu.