Jinsi ya kuchagua kikosi cha kubuni cha mpira wa vikapu

NI saa tisa usiku mtaani Umoja. Wenye maduka wamefunga, na Barabara ya Outer Ring imetulia. Hata hivyo, katika nyumba kadhaa mwanga wa simu bado unaonekana dirishani. Huko New York ni saa moja jioni, na mechi za kwanza za Ligi ya Mpira wa Vikapu ya Marekani, NBA, ndipo zinaanza.

Si wote wanaokesha kwa ajili ya kutazama tu. Wapo wanaofuatilia vikosi walivyojipangia wenyewe: wachezaji wanane waliochaguliwa kutoka timu mbalimbali, ambao takwimu zao za usiku huo zitageuzwa kuwa alama. Mchezo huu huitwa kikosi cha kubuni cha siku moja. Kwa vijana wa Eastlands waliozoea kupanga vikosi vya kubuni vya Ligi Kuu ya Uingereza, kanuni zake si ngeni sana. Lakini anayeuingia akidhani kwamba ni kandanda iliyobadilishwa jina hupoteza upesi, na pale penye fedha hasara huingia mfukoni.

Makala haya yanaeleza jinsi mchezo wenyewe unavyoendeshwa, namna ya kuwachagua wachezaji kwa busara, na mambo ambayo mkazi wa Nairobi anapaswa kuyapima kabla ya kutoa hata shilingi moja.

ASILI YAKE

Vikosi vya kubuni kwa sura tunayoijua leo vilianza mwaka 1980, wakati mwandishi Daniel Okrent na rafiki zake walipobuni ligi yao ya besiboli na kuiita kwa jina la mkahawa wa New York walikokuwa wakikutana, La Rotisserie Française. Waliwanunua wachezaji wa kweli kwa fedha za kufikirika, kisha wakahesabu takwimu zao msimu mzima.

Mchezo wa Ligi Kuu ya Uingereza, unaojulikana zaidi hapa kwetu, ulianza msimu wa 2002/03. Huo humpa mshiriki pauni milioni 100 za kubuni ili awachague wachezaji 15, wasiozidi watatu kutoka klabu moja.

Toleo la siku moja lilikuja baadaye. Kampuni ya FanDuel iliundwa mwaka 2009, na DraftKings mwaka 2012. Badala ya kungoja miezi tisa, mshiriki hupanga kikosi leo, na kabla ya mapambazuko ya kesho matokeo yamejulikana. Kasi hiyo ndiyo mvuto wake, na ndiyo hatari yake.

KANUNI ZA MSINGI

Katika DraftKings, kwa mfano, mshiriki hupewa dola 50,000 za kubuni na kutakiwa kujaza nafasi nane: gadi wawili, fowadi wawili, senta mmoja, gadi mmoja wa ziada, fowadi mmoja wa ziada, na mchezaji mmoja wa nafasi yoyote. Kila mchezaji ana bei yake. Ukigawanya dola hizo kwa wanane, wastani ni dola 6,250 kwa kila mmoja. Kwa hiyo anayemchukua nyota wa bei ghali sharti ajibane kwingine.

Ili tusichanganye mambo, katika makala haya neno pointi linamaanisha zile zinazofungwa uwanjani, na alama ni zile anazopata mshiriki. Pointi moja huleta alama 1, na kila mtupo wa pointi tatu unaoingia huongeza nusu alama. Ribaundi moja ni alama 1.25, na pasi ya kufungisha ni 1.5. Kunyang'anya mpira ni alama 2, sawa na kuzuia mtupo wa mpinzani. Anayepoteza mpira hukatwa nusu alama. Mchezaji akifikisha kumi katika safu mbili za takwimu, tuseme pointi na ribaundi, huongezewa alama 1.5.

Tuchukue mchezaji aliyefunga pointi 25, zikiwemo za mitupo mitatu ya mbali, akadaka ribaundi 10, akatoa pasi 8 za kufungisha, akanyang'anya mpira mara moja, akazuia mtupo mmoja na kupoteza mpira mara nne. Jumla yake ni alama 54.5. Angefunga pointi hizo 25 bila kufanya lolote jingine, angeambulia chini ya nusu ya alama hizo. Hili ndilo somo la kwanza: mfungaji hodari si lazima awe chaguo bora.

Ndiyo sababu mchezaji kama Nikola Jokic wa Denver Nuggets huwa ghali sana. Katika msimu wa 2024/25 alipata wastani wa pointi 29.6, ribaundi 12.7 na pasi 10.2 za kufungisha kwa kila mechi. Hizo pekee ni takriban alama 61.

Msomaji atambue pia kwamba kanuni hutofautiana. FanDuel hutoa dola 60,000 kwa wachezaji tisa, nayo hulipa alama 3 kwa kunyang'anya mpira na 3 kwa kuzuia mtupo, ila humkata mchezaji alama nzima kila anapopoteza mpira. Senta mrefu mwenye kuzuia mitupo ana thamani kubwa zaidi huko, ilhali gadi mzembe wa kutunza mpira ana thamani ndogo. Soma kanuni kabla ya kusoma majina.

DAKIKA NDIZO MTAJI

Mechi ya NBA ina dakika 48, na kila timu huwa na wachezaji watano uwanjani. Kwa hiyo kocha ana dakika 240 za kugawa, si zaidi wala pungufu, isipokuwa mechi inapoingia muda wa ziada. Asiyecheza hapati alama, hata awe na kipaji cha namna gani.

Hesabu hii ndiyo ufunguo wa mchezo mzima. Nyota anayecheza dakika 36 akiumia, dakika hizo hazipotei. Sharti ziende kwa wengine. Chukua mchezaji wa akiba mwenye bei ya dola 3,500, ambaye kwa kawaida hucheza dakika 14 na huzalisha alama 0.8 kwa dakika. Siku ya kawaida atakuletea alama 11 hivi. Akipewa dakika 30 kwa sababu mwenzake ni mgonjwa, atakuletea 24. Bei yake ilipangwa mapema, kabla ya habari za jeraha kutokea. Hapo ndipo faida ilipo.

Wachezaji wenye uzoefu hupima thamani kwa kila dola 1,000. Lengo la kawaida ni alama 5 kwa kila dola 1,000, yaani alama 250 kwa kikosi kizima. Kwa kipimo hicho, nyota wa dola 10,000 anatakiwa kuleta alama 50, na wa dola 4,000 alama 20. Yule mchezaji wetu wa akiba, kwa alama 24, amekaribia 7 kwa kila dola 1,000. Ziada hiyo ndiyo inayokuruhusu kumnunua nyota kwingine bila kujaza nafasi zilizobaki kwa watu wasioonja uwanja.

HABARI ZA MAJERUHI

Timu za NBA hutakiwa kutangaza hali za majeruhi wao kabla ya mechi, na orodha hiyo hubadilika kadiri saa zinavyosonga. Wapo wanaotajwa kwamba hawatacheza, wenye shaka kubwa, na ambao uamuzi wao haujatolewa. Vikosi vinavyoanza huthibitishwa takriban nusu saa kabla ya mpira kurushwa.

Kwa mkazi wa Nairobi, nusu saa hiyo huangukia saa nane na nusu usiku. Aliyepanga kikosi saa tatu usiku na kwenda kulala anaweza kuamka akakuta wawili kati ya wanane wake hawakuvaa hata jezi. Marekani wanaposogeza saa zao mbele, kuanzia Machi hadi mwanzo wa Novemba, mechi hizo huanza saa nane usiku kwetu. Zile za pwani ya magharibi huweza kuanza hata saa kumi na mbili na nusu asubuhi, wakati abiria wa Donholm na Kayole wamo kwenye matatu wakielekea mjini.

Jihadhari zaidi na timu inayocheza siku mbili mfululizo, kwani makocha hupenda kuwapumzisha wakongwe katika mechi ya pili. Tangu msimu wa 2023/24, NBA imeweka sharti kwamba mchezaji acheze angalau mechi 65 kati ya 82 ndipo afikiriwe kwa tuzo kubwa. Sharti hilo limepunguza mapumziko ya nyota, lakini halijayamaliza.

MECHI GANI, MPINZANI GANI

Baada ya dakika, tazama kasi. Timu zinazokimbia hupata nafasi nyingi za kushambulia, na kila nafasi ni mtupo, ribaundi au pasi inayoweza kuhesabiwa. Timu mbili za mwendo wa kasi zikikutana, wachezaji wa pande zote hunufaika.

Kisha tazama uwezekano wa mechi kuwa ya upande mmoja. Timu ikiongoza kwa pointi 25 kufikia robo ya nne, kocha huwakalisha nyota benchi. Dakika zako nane za thamani zimepotea hivyo, ingawa timu uliyoipenda imeshinda.

Angalia vilevile wachezaji wa timu moja. Katika kandanda, beki na kipa wa klabu moja hufaidika pamoja wasipofungwa bao. Katika vikapu mpira ni mmoja, na wafungaji wawili wa timu moja hunyang'anyana mitupo. Mwenye kutoa pasi na mwenye kumalizia huweza kufaa pamoja. Wafungaji watatu wa timu moja ni nadra kufaa.

MECHI ZA KWETU

Si lazima ujifunzie kwa NBA. Ligi ya Afrika, BAL, iliyoanza jijini Kigali Mei 2021, huchapisha takwimu kamili za kila mchezaji. Mwaka 2025 Nairobi City Thunder ikawa timu ya kwanza ya Kenya kushiriki. Mashabiki hawajasahau pia Februari 2021, Tylor Ongwae alipofunga kikapu cha mwisho kilichoipa Kenya ushindi wa 74-73 dhidi ya Angola na kuirejesha AfroBasket kwa mara ya kwanza tangu 1993.

Marafiki wa mtaa mmoja wanaweza kujiundia mchezo wao kwa daftari na kalamu: wajipangie bei za wachezaji, wakubaliane alama, kisha wahesabu baada ya mechi. Wakumbuke tu kwamba mechi za kanuni za kimataifa huwa na dakika 40, hivyo kila timu ina dakika 200 badala ya 240. Takwimu zitakuwa ndogo, na viwango vya kulenga sharti vishushwe.

FEDHA NA SHERIA

Sasa tufike penye uchungu. Tuseme watu 100 wametoa shilingi 100 kila mmoja. Mwandalizi anachukua asilimia 10, na washindi 45 wanapewa shilingi 200 kila mmoja. Mshiriki wa kiwango cha kati atashinda mara 45 katika kila mara 100. Atakuwa ametoa shilingi 10,000 na kurudishiwa 9,000. Ili asipate hasara wala faida, lazima ashinde nusu ya mara zote, yaani awe bora kuliko wenzake walio wengi, kila wiki.

Nao wenzake si wa kubahatisha. Uchambuzi uliochapishwa Marekani mwaka 2015 kuhusu mashindano ya besiboli ulionyesha kuwa asilimia 91 ya faida ilikwenda kwa asilimia 1.3 tu ya washiriki. Hao ni watu wenye programu za kompyuta na mitaji mikubwa. Mwaka huohuo mfanyakazi wa DraftKings alishinda dola 350,000 katika FanDuel, jambo lililozua maswali kuhusu nani anaona takwimu gani mapema. Kampuni zikawakataza wafanyakazi wao kushiriki. Mwanasheria Mkuu wa New York alizitaka kampuni hizo zisimamishe mchezo humo, kabla ya jimbo kuuhalalisha kwa sheria mwaka 2016.

Kampuni hizo huhakiki mahali mshiriki alipo. Kwa sababu hiyo, anayekuja mtaani akidai atakuuzia akaunti ya Marekani, au atakuchezea kwa niaba yako ukimtumia fedha kwa simu, anakutaka umwamini kwa fedha usizoweza kuzidai popote. Mkatae.

Hapa Kenya, Rais William Ruto alitia saini Sheria ya Udhibiti wa Kamari Agosti 2025, ikachukua nafasi ya ile ya mwaka 1966. Aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kucheza kamari. Mchezo wa bure, au wa daftari miongoni mwa marafiki wasiowekeana dau, hauna mtego huo.

KWA UFUPI

Kabla ya kufunga kikosi, jiulize maswali matano. Je, kila mchezaji ana hakika ya dakika zake? Kuna jeraha lililofungulia mtu wa bei nafuu nafasi? Mechi ina kasi, na huenda ikawa ya ushindani hadi mwisho? Nimesoma kanuni za alama za mchezo huu, si za mwingine? Na la tano, ambalo wengi huliruka: nikishindwa leo, kodi ya nyumba na karo ya mtoto vitabaki salama?

Asiyeweza kujibu swali la mwisho kwa ndiyo, na apange kikosi chake daftarini, afurahie mechi, kisha alale. Kesho kuna kazi.