Nyonga ya Kaure

Kila mfinyanzi ajua ya kuwa uzuri wa chungu haujulikani siku kitokapo motoni, bali baada ya kutelekwa mekoni mara nyingi. Tuliwaza neno hili tuliposoma habari za madaktari waliojifunza kumtilia mtu kiungo kipya cha nyonga, nasi twapenda kuwasimulia wasomaji wetu.

Nyonga yafanana na mchi na kinu: kichwa cha mviringo cha fupa la paja huzunguka katika kikombe cha mfupa wa kiuno. Vikilika, mtu hawezi kwenda wala kulala kwa maumivu. Yapata mwaka 1890, Themistocles Gluck wa Berlin alijaribu viungo vya pembe za ndovu, vikaharibika kwa usaha. Mwaka 1923 Marius Smith-Petersen wa Boston alitumia kikombe cha kioo, nacho kikavunjika.

Baada ya vita ya pili ya dunia, Mwingereza John Charnley, daktari wa hospitali ya Wrightington, alitengeneza kichwa kidogo cha chuma na kikombe cha plastiki iitwayo Teflon. Wagonjwa wakaondoka kitandani, wakatembea pasipo maumivu, na furaha ikawa kubwa. Lakini baada ya miaka michache tu Teflon ikalika, na vumbi lake likaudhuru mwili hata mfupa ukaliwa. Watu karibu 300 walikuwa wamekwisha kutiwa vikombe vile. Kweli, kikulacho ki nguoni mwako.

Charnley hakuficha kosa lake. Alijitia Teflon katika paja lake mwenyewe apate kuona madhara yake, kisha akawapasua tena wagonjwa wake. Novemba 1962 akaanza kutumia plastiki nyingine, polietilini, isiyolika upesi. Hata hiyo nayo hutoa vumbi, ingawa polepole.

Kwa sababu ya vumbi hilo, mwaka 1970 Pierre Boutin wa mji wa Pau, Ufaransa, alitengeneza kichwa na kikombe vya alumina, yaani kaure ngumu sana, laini kama kioo. Vumbi lake ni dogo mno. Walakini kaure ina udhaifu tuujuao sote: haipindi, huvunjika. Katika miaka ya kwanza vichwa vingine vilipasuka, na vikombe vingine vikalegea mfupani. Na kaure ivunjikapo mwilini, vigae vyake vikali ni vigumu kuokotwa vyote.

Moto nao una siri yake. Mwaka 1998 kiwanda kimoja cha Ufaransa kilibadili tanuru ya kuchomea vichwa vya kaure ya namna nyingine, zirkonia. Vilipotoka vilionekana vizuri. Lakini baadhi yake vikavunjika ndani ya watu, hata mwaka 2001 vikaondolewa sokoni. Siku hizi alumina huchanganywa na zirkonia kidogo ili kuzuia ufa usiendelee, na vichwa hivyo huvunjika kwa nadra. Hata hivyo, wagonjwa wengine husikia nyonga ikilia kama bawaba ya mlango.

Basi, ni nani aliyeyafahamu hayo yote? Ni wale waliohesabu. Tangu mwaka 1979 madaktari wa Sweden huandika katika daftari moja kila nyonga itiwayo, na kila ipasuliwayo tena. Nchi nyingine zikafuata. Mwaka 2019 hesabu za namna hiyo, za viungo vya kila aina, zilionyesha ya kuwa katika nyonga 100, kama 58 zadumu miaka 25.

Kwa hiyo twamwonya aliyetiwa nyonga mpya: usiache kurudi kwa daktari kwa sababu huna maumivu, maana mfupa huweza kuliwa kimya kimya. Nasi tunaosikia sifa za dawa mpya na vyombo vipya, tuulize kwanza: vimekaa miaka mingapi, na ni nani aliyehesabu?