Stika za vioo katika majengo ya biashara ya Kayole

Stika za vioo ni karatasi nyembamba za plastiki zenye gundi upande mmoja, zinazobandikwa kwenye madirisha na milango ya vioo ili kuzuia macho ya wapita njia, kupunguza makali ya jua, au kubeba picha na maandishi ya biashara. Zile nyeusi na zile zinazoakisi huitwa tinti. Huko Kayole, mtaa wa mashariki mwa Nairobi ulio katika eneo bunge la Embakasi ya Kati, zinaonekana Spine Road na kuelekea Masimba: kwa kinyozi, saluni, kemisti, kliniki, ofisi za sacco, vyuo vya kompyuta, na hata makanisa yaliyokodi orofa.

Ujenzi wa mtaa huu ndio uliozifanya ziwe za lazima. Ploti ni ndogo, na nyingi zilizokuwa na nyumba za chini sasa zina maghorofa, maduka chini na wapangaji juu. Jengo hufika karibu na ukingo wa barabara, likabanwa na majirani ubavuni na nyuma, hivi kwamba upande wa mbele ndio pekee unaoingiza mwanga wa kutosha. Upande huohuo ndio unaotazamana na kituo cha matatu, muuza mahindi na vijana wa bodaboda. Mwenye biashara akifunga pazia, atawasha taa mchana kutwa na kununua tokeni za umeme zaidi. Akiacha kioo wazi, mgonjwa wake atahesabiwa sindano na barabara nzima.

Swali la kwanza kabla ya kuchagua si rangi wala bei. Ni saa. Tinti inayoakisi humficha mtu kwa sababu moja tu: nje kuna mwanga mwingi kuliko ndani. Mchana mpita njia hujiona mwenyewe kwenye kioo, huku aliye ndani akiona barabara. Usiku hali hugeuka: taa za dukani zinapowaka na barabara ikiwa na giza, wa nje huona kila kitu na wa ndani hubaki akijitazama. Nairobi iko karibu na ikweta, kwa hiyo jua huzama takriban kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasoro robo jioni mwaka mzima. Hapo ndipo Kayole inaposhuka kutoka kazini, na saluni, kemisti na vibanda vya M-Pesa hupata wateja wengi. Tinti ya kuakisi basi huacha kufanya kazi saa ileile inapohitajika zaidi. Ofisi inayofungwa saa kumi na moja inaweza kuitumia bila hofu. Kliniki inayofungwa saa tatu usiku isiitumie peke yake.

Kwa kliniki, maabara na vyumba vya ushauri, chaguo bora ni stika nyeupe yenye ukungu, ile inayofanya kioo kionekane kama kimesuguliwa kwa mchanga. Haitegemei tofauti ya mwanga: hutawanya miale, mwanga ukapita bila sura kupita. Kasoro yake ni kivuli. Mtu akisimama karibu na kioo usiku, umbo lake huonekana, kwa hiyo kitanda cha kupimia kiwekwe mbali na dirisha. Urefu nao hukosewa mara kwa mara. Fundi hupima ukanda wa kufika kichwani mwa mtu aliyesimama barabarani, akasahau kwamba orofa ya kwanza hutazamwa kutoka roshani ya jengo la mkabala, ng'ambo ya barabara isiyo pana. Chumba cha juu kifunikwe hadi juu. Hili si suala la urembo tu. Kifungu cha 31 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinalinda faragha ya kila mtu, na sheria ya mwaka 2006 kuhusu kuzuia na kudhibiti Ukimwi inataka siri ya anayepimwa itunzwe. Kioo kitupu kinaweza kumtangaza mgonjwa kabla faili lake halijafunguliwa.

Kibanda cha M-Pesa ni habari nyingine, na hapa mtazamo wa kawaida unapaswa kupingwa. Wenye vibanda wengi hutaka kujificha kabisa ili fedha zisionekane. Lakini kioo kinachomficha mhudumu humficha pia aliyeingia kumwibia, na msaada wa kwanza Kayole ni jirani aliyeona. Inatosha kufunika sehemu ya chini hadi juu kidogo ya kaunta, ili droo na mikono inayohesabu isionekane, na kuacha sehemu ya vichwa wazi. Stika zilizojaa hadi juu, mara nyingi matangazo juu ya matangazo, humwacha mhudumu peke yake katikati ya watu.

Stika za picha zina aina yake: ile ya matundu. Ni vinaili iliyotobolewa vitundu vidogo vilivyokaribiana, nyeupe mbele ili kupokea wino, nyeusi nyuma. Jicho la nje hushika picha. Jicho la ndani, likikutana na weusi, hupita kwenye matundu hadi barabarani. Wakazi wa Eastlands, yaani mitaa ya mashariki mwa Nairobi, wameizoea kwenye vioo vya nyuma vya matatu, penye nyuso za wanamuziki na wachezaji mpira. Ikihamia dukani ina masharti mawili. Usiku, taa zikiwaka ndani, picha hufifia na ndani huonekana, sawa na ile ya kuakisi. Tena hubandikwa nje, ambapo vumbi na mvua huziba matundu, kwa hiyo huhitaji kufunikwa kwa karatasi angavu ya kinga. Maandishi membamba hupotea ndani ya matundu. Herufi nene na maneno machache ndiyo yanayosomeka kutoka kwenye matatu inayopita.

Mwelekeo wa jengo una uzito wake. Kuta za mashariki na magharibi ndizo zinazochomwa na jua la chini la asubuhi na alasiri. Zile za kaskazini na kusini huguswa kwa upole, kila moja kwa msimu wake. Kemisti anayetazama magharibi ana sababu ya haraka, maana dawa nyingi zinatakiwa kukaa chini ya nyuzi 25 au 30 za Selsiasi. Kwake stika nzuri ya poliesta ya kuzuia jua ina thamani kuliko picha yoyote. Hata hivyo tinti nyeusi sana kwenye kioo cha kawaida huweza kukipasua: hufyonza joto, na pale kivuli cha kibaraza au grili kinapogawa kioo kati ya moto na baridi, ufa huanzia ukingoni. Tinti za magari zisibandikwe kwenye majengo kwa kuwa tu zilibaki dukani. Zile za bei ya chini, zilizotiwa rangi tu, hugeuka zambarau na kutoa mapovu.

Jambo la usalama linastahili nafasi yake katika jiji hili. Tarehe 7 Agosti 1998 bomu lililolipua ubalozi wa Marekani liliua zaidi ya watu 200 mjini Nairobi. Mlio mdogo ulitangulia, na wengi katika majengo ya karibu wakakimbilia madirishani kutazama. Vioo vilivyovunjika viliwajeruhi macho, na baadhi yao wakapofuka. Stika ya usalama, yenye unene wa takriban mikroni 100 hadi 200, hushikilia vipande visiruke. Ile ya ukungu au ya picha si badala yake, na muuzaji anayesema zote ni sawa anapotosha. Dirisha pana lililo juu ya njia ya watu linastahili ile nene.

Kubandika ni kazi ya usafi kuliko nguvu. Kioo hukwanguliwa kwa wembe hadi gundi ya mabango ya kampeni iishe, kikaoshwa kwa maji ya sabuni, stika ikatelezeshwa ikiwa majimaji, kisha maji yakasukumwa nje kwa kifutio cha mpira. Kwa vumbi la Kayole, mlango hufungwa na sakafu hunyunyiziwa maji kwanza. Madoa kama maziwa yanayobaki chini ya stika si kasoro. Hukauka yenyewe, wakati mwingine baada ya wiki kadhaa. Kioo chenye maua hakishiki stika upande wa maua. Baadaye stika isafishwe kwa sabuni laini na kitambaa. Waya wa kusugulia sufuria na dawa zenye amonia huiharibu.

Kinachosomeka kutoka barabarani huweza kuhesabiwa kuwa tangazo, na Kaunti ya Nairobi ina sheria ya mwaka 2018 kuhusu matangazo ya nje. Mwenye duka aulize ofisi ya kaunti kabla ya kuchapisha, si baada. Mpangaji naye akubaliane na mwenye jengo, kwa maandishi, nani atakwangua stika siku ya kuhama: vinaili iliyopigwa jua miaka kadhaa hutoka vipande vipande, na gharama yake mara nyingi hukatwa kwenye dipoziti.