Tumbawe Lililoandika Habari za Bara

Marijani tunaijua shingoni mwa bibi harusi, na Surat Ar-Rahman imeitaja pamoja na lulu. Ndugu yake, tumbawe, huandika historia.

Huko Malindi, Kenya, wataalamu walitoboa tumbawe lenye miaka 300 hivi. Hukua tabaka kwa tabaka, mwaka kwa mwaka. Wakapima bariamu, metali inayoletwa na udongo wa Mto Sabaki. Toka 1700 hadi 1900 haikubadilika sana; baadaye ikazidi kupanda, kadiri watu walivyofyeka na kulima huko bara.

Nasi Unguja? Maji ya Mkondoa wa Kilosa na Mkata wa Mikumi huishia Mto Wami, unaomwaga Saadani, ng'ambo yetu tu. Desemba 2009 Mkondoa ulivunja kingo, Kilosa ikafurika. Tope likizidi juu ya matumbawe, hufa, na changu na tasi wetu huhama.