Malezi ya Shule ya Kijerumani na ya Kiingereza na Urithi Wake Morogoro

Ujerumani na Uingereza zilitawala Tanganyika moja baada ya nyingine, na kila moja ilikuja na mazoea yake ya kumlea mtoto shuleni. Prussia, dola kubwa kuliko zote za Ujerumani, ilitangaza elimu ya lazima mwaka 1763. Shule ikawa mali ya dola, na mwalimu akawa mtumishi wake. Uingereza iliwaachia elimu makanisa na watu binafsi kwa muda mrefu zaidi. Sheria ya kujenga shule za umma ilipitishwa mwaka 1870, na mahudhurio yakawa lazima mwaka 1880. Watoto wa wakubwa walilelewa katika shule za bweni zenye viranja na michezo ya mashindano.

Wajerumani walianzisha shule ya serikali Tanga mwaka 1892. Shule hiyo haikufundisha dini, hivyo Waislamu wa pwani waliweza kuikubali. Lugha ya kufundishia ilikuwa Kiswahili, na lengo lilikuwa kupata makarani, walimu na maakida, yaani watawala wadogo chini ya serikali ya kikoloni. Reli kutoka Dar es Salaam ilipofika Morogoro mwaka 1907, haja ya watu wanaojua kuandika na kuhesabu ilizidi. Hata hivyo, wanafunzi wengi zaidi walikuwa katika shule za misheni. Upande wa Morogoro, mapadri wa Roho Mtakatifu walikuwa wamekwishaingia Mhonda mwaka 1877 na Morogoro yenyewe mwaka 1882.

Waingereza walipowafuata Wajerumani, waliendeleza desturi yao ya kushirikiana na makanisa: sheria ya elimu ya mwaka 1927 iliruhusu misheni kupewa ruzuku, mradi zikubali kukaguliwa. Shule ya Tabora, iliyofunguliwa mwaka 1925 hasa kwa watoto wa machifu, ilifuata mtindo wa bweni la Kiingereza. Kiswahili kilitumika madarasa ya mwanzo, kisha Kiingereza kikachukua nafasi. Aliyetaka kupanda cheo alilazimika kuvuka kwenda Kiingereza.

Mifumo yote miwili haikujengwa juu ya malezi ya wenyeji. Kwa Waluguru, wenyeji wa milima ya Uluguru huko Morogoro, mtoto huhesabiwa katika ukoo wa mama. Alijifunza kilimo cha milimani kwa kufanya kazi na wakubwa, na msichana aliyevunja ungo aliwekwa ndani afundwe na wanawake wazoefu. Shule ya mkoloni, kwa kutafuta makarani, iliwatanguliza wavulana na kuupuuza ujuzi huo.

Baada ya Azimio la Arusha na sera ya Elimu ya Kujitegemea, mwaka 1967, Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika madarasa yote ya shule ya msingi. Kivuko cha lugha hakikuondoka, kilisogezwa mbele tu. Mwanafunzi wa shule ya serikali Mwembesongo, mjini Morogoro, husoma msingi kwa Kiswahili, kisha akifika kidato cha kwanza hukutana na fizikia na jiografia kwa Kiingereza. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ilitoa nafasi ya kufundisha kwa Kiswahili ngazi zote, lakini masomo mengi ya sekondari yamebaki kwa Kiingereza.

Hapa ndipo ulinganisho una uzito. Mtoto wa Berlin na mtoto wa London walitofautiana kwa mengi, ila kila mmoja alipanda madarasa kwa lugha ya mtaani kwake. Tanganyika ilirithi Kiswahili cha shule ya Kijerumani na ngazi ya Kiingereza ya Mwingereza, bila kurithi haki hiyo waliyokuwa nayo watoto wa nchi zote mbili. Kiingereza kifundishwe vizuri, tena mapema, kama somo. Fizikia na jiografia zifundishwe kwa lugha ambayo mtoto wa Mwembesongo anaweza kuulizia swali.